Shika Ufagio, Mama

Nilikuwa nakunywa vikombe tisa vya kahawa kwa siku, na wala sikuona haya. Hapa Arbury kila mtu ana chake cha kujivunia. Wengine wana trekta jipya, wengine wana mtoto anayesomea udaktari Saskatoon, na mimi Charla Boyko, dereva wa basi la shule namba nne, nilikuwa na kahawa yangu. Krismasi moja wanachama wenzangu wa klabu yetu ya mchezo wa barafuni walinipa kombe la plastiki lililopakwa rangi ya dhahabu, wameandika "Bingwa wa Kahawa, Mkoa Mzima". Nililiweka juu ya friji, mahali ambapo mgeni akiingia tu analiona.

Na nani angenilaumu? Mume wangu Garth anafanya kazi mgodini huko kaskazini, wiki mbili huko, wiki mbili nyumbani, na ile ya kwanza ya nyumbani anaimaliza akiwa amelala. Mapacha wetu, Emmett na Cole, wana miaka mitatu na hawajawahi kukubaliana kusinzia kwa pamoja. Saa kumi na moja alfajiri mimi niko uani nachomoa waya unaopasha injini ya basi isigande, saa kumi na mbili na nusu niko barabarani nakusanya watoto wa wenzangu. Nesi wa zahanati aliwahi kunishika kifundo cha mkono, akaangalia saa yake, akaniambia moyo wangu unakimbia kuliko basi langu. Nilicheka, nikaenda kujaza chupa.

Aliyeniweza ni Maren.

Maren ni mtoto wangu wa kwanza. Ana miaka kumi na mmoja, na mchezo wetu wa mawe ameuanza akiwa na saba. Ni mchezo wa kutelezesha jiwe zito la mviringo juu ya barafu mpaka likasimame kwenye duara lililochorwa upande wa pili, mbali huko. Anayerusha halengi duara lenyewe. Mwenzake husimama kule mbele, akausimika ufagio juu ya barafu, na jiwe hutumwa kwenye ufagio ule. Jiwe likishaachiwa, ufagio ndio wa kufagilia barafu mbele yake ili lifike mbali. Kwa hiyo mshika ufagio ndiye macho ya mrushaji, na mimi nilikuwa mshika ufagio wa Maren tangu siku ya kwanza.

Mwezi wa kumi tulianza mazoezi ya mashindano ya familia, yale ya Februari, mtu mzima mmoja na mtoto mmoja. Maren alipiga goti kule mwisho, akalishika jiwe, akaangalia, akainuka tena bila kurusha.

"Mama, shika ufagio!"

"Si nimeushika?"

"Unacheza."

"Nani anacheza?"

"Ufagio. Unatetemeka. Sijui nirushe wapi."

Niliutazama. Ulikuwa unatetemeka kweli, ncha yake inachora vimistari kwenye barafu kama inaandika barua. Niliubana kwa mikono miwili, ukazidi. Kikombe cha saa kumi jioni kilikuwa bado hakijashuka vizuri, nacho kilikuwa cha saba.

Sasa, nyuma ya kioo cha ukumbi alikuwa amekaa wifi yangu Deb, dada yake Garth. Deb ameshinda ubingwa wa mkoa mara mbili, ule wa kweli, si wa plastiki, na huwa anakunywa maji moto na kipande cha limau kama mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji. Alishuka ngazi taratibu.

"Wifi, hebu nimshikie mara moja tu," alisema. "Wewe kapumzike."

Mimi? Kupumzika? Lakini nilimwachia. Akausimika ufagio, ukasimama kama umepigiliwa msumari. Maren alirusha mawe manne, matatu yakasimama katikati ya duara. Niliuona uso wa mwanangu. Alikuwa amefurahi, halafu akakumbuka kwamba naangalia, akaificha ile furaha upesi ili asiniumize. Hapo ndipo niliumia haswa.

Kwenye ubao wa klabu kulikuwa na karatasi ya kujiandikisha. Maren aliandika jina lake kwa kalamu. Nafasi ya mwenzake akaijaza kwa penseli: Charla Boyko.

"Mbona penseli?" nilimuuliza. "Kalamu si hiyo hapo mkononi?"

"Penseli inatosha kwa sasa, Mama."

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Ndani ya gari niliwasha injini kwa nguvu isiyohitajika. "Kama unataka kucheza na shangazi yako, sema tu. Usinizungushe."

"Nataka kucheza na wewe. Lakini nataka kuuona ufagio."

Niliendesha kilomita nne nzima nikiigombeza gia. Tulipofika kwenye kona ya nyumbani nikasema, "Nipe mpaka Februari."

Alitoa daftari mkobani. Mtoto alikuwa ameshaandika masharti! Kila wiki nipunguze kikombe kimoja, mpaka kibaki kimoja tu kwa siku, cha asubuhi. Siku ya mechi, hakuna hata tone kabla ya kucheza. Na chini kabisa alikuwa ameandika: sheria ya jiwe lililoguswa.

Hiyo nayo lazima niieleze. Kwenye mchezo wetu hapa klabuni hakuna refa wa kukukimbiza. Ukigusa jiwe linalotembea, iwe kwa ufagio au kwa kiatu, wewe mwenyewe unainua mkono na kusema, "Nimeligusa." Jiwe linatolewa, mchezo unaendelea, hakuna anayekununia. Mwenzako hata kama amekuona, hakusemi. Anakungoja. Kuna bwana mmoja alikaa kimya baada ya kugusa jiwe miaka zaidi ya thelathini iliyopita, na mpaka leo anasemwa hapa Arbury, ingawa alishahamia Alberta na nadhani amekufa.

"Ukizidisha kikombe unainua mkono," Maren alisema. "Mimi sitakuchunguza."

Wiki ya kwanza sikusikia kitu. Tisa kuwa nane ni nini? Wiki ya pili nikaanza kutamba, nikamwambia kila aliyesimama karibu nami. Wiki ya tatu kichwa kilinipasuka. Maumivu yalianzia nyuma ya macho, yakazunguka mpaka shingoni, na sauti ya Emmett kutafuna biskuti ikawa kama mtu anayevunja kuni. Niligombana na mashine ya kufulia. Nilimfokea mbwa wa jirani kupitia dirishani, mbwa akanishangaa.

Kisha ikaja ile Jumanne. Nilisimamisha basi mbele ya nyumba ya akina Pruden nikapiga honi. Kimya. Nikapiga tena. Theluji inaanguka, watoto nyuma wanapiga kelele, dakika tatu zinapita. Nikachukua redio na kuwatangazia madereva wote wa wilaya kwamba watoto wa Pruden wamechelewa tena, kwamba wazazi wa siku hizi hawana adabu, na kwamba mimi si mtumwa wa mtu. Msichana mmoja wa darasa la pili akanigusa bega.

"Bi Charla," alisema kwa upole, "akina Pruden walihama."

Walikuwa wamehama miaka miwili iliyopita. Mimi mwenyewe niliwabebea makochi.

Deb alinipigia simu mchana huo. Hakuwa na haraka hata kidogo. "Wifi, nimesikia umeipigia honi nyumba tupu."

"Nani kakwambia?"

"Redio. Wilaya nzima imekusikia. Hiyo inaitwa arosto, mwenzangu, mwili unadai kahawa yake. Itapita. Kunywa maji."

"Maji na limau, siyo?"

"Hata bila limau yatakusaidia."

Nilimkatia simu, nikanywa maji. Sitaki ajue.

Katikati ya Novemba niliteleza. Mwalimu mkuu alikuwa na kahawa mpya ofisini, akanikaribisha, nikapokea kabla akili haijafika. Jioni mezani nilikuwa nazungusha chakula kwa uma. Mwishowe nikainua mkono, uma bado uko ndani yake.

"Nimekunywa kimoja zaidi. Ofisini kwa mwalimu mkuu."

Maren alinitazama kidogo. "Sawa. Kimetolewa. Tunaendelea. Nisogezee viazi."

Basi, ndivyo ilivyokuwa. Hakunihubiria. Ningekuwa mimi ningehubiri mpaka chakula kipoe.

Desemba nilikuwa nimefika vitatu. Niligundua mikono yangu inataka tu kushika kitu chenye joto, haijali ndani mna nini, kwa hiyo nikawa natembea na maji moto kwenye chupa yangu ileile ya kahawa. Saa tatu usiku nilianza kusinzia kama watu wa heshima. Kitabu cha mapacha, kile cha dubu aliyepoteza kofia, nilikisoma mpaka mwisho kwa mara ya kwanza, maana siku zote nilikuwa naruka kurasa nikafue na kuosha vyombo na kuzunguka nyumba kama nzi. Kumbe dubu aliipata kofia yake. Cole alishangaa kuliko mimi. "Ameipata!" alipiga kelele. Mtoto alikuwa ameishi mwaka mzima akiamini imepotea, na kosa ni langu.

Garth aliporudi kutoka mgodini alinikuta nimelala kitandani saa tatu na nusu, taa imezimwa, nakoroma. Alisimama mlangoni na mizigo yake.

"Samahani, dada," alisema. "Namtafuta mke wangu. Ni mwanamke fulani mfupi, huwa halali."

"Toka hapa na baridi yako," nilimjibu, na alicheka mpaka akawaamsha mapacha. Hapo nilimwambia awalaze mwenyewe.

Katikati ya Januari nilikuwa na kikombe kimoja kwa siku. Kimoja! Nakinywa saa kumi na moja na nusu alfajiri, nimekaa, nakisikia mpaka kwenye vidole vya miguu. Jumamosi moja mazoezini Maren alipiga goti kule mwisho, nami nikausimika ufagio. Alikaa muda mrefu bila kurusha. Nikadhani kuna tatizo.

"Nini tena?" nilipiga kelele.

"Hakuna kitu! Naangalia tu!"

Siku hiyo alirusha mawe kumi na mawili, na tisa yakakaa alipotaka. Tulipotoka alikwenda moja kwa moja kwenye ubao, akachomoa kalamu, akapitisha wino juu ya yale maandishi ya penseli, herufi moja baada ya nyingine, ulimi umetokeza kidogo pembeni ya mdomo. Nimefunga ndoa, nimezaa watoto watatu, nimeliendesha basi kwenye upepo wa theluji na watoto ishirini ndani bila hata mmoja kupata mchubuko. Lakini sijui kama niliwahi kujisikia mkubwa kama nilivyojisikia mbele ya ubao ule. Deb alikuwa anapita. Nilimwita aje asome.

"Nimeona, wifi," alisema.

"Soma kwa sauti."

Akasoma kwa sauti. Lazima nikiri, alitabasamu vizuri.

Mashindano yalichukua siku tatu. Ijumaa tulishinda mechi mbili, Jumamosi mbili tena, na Jumapili saa tatu asubuhi tulikuwa na fainali dhidi ya Mzee Orville Thiessen na mjukuu wake Paisley. Nilipaswa kulala Jumamosi mapema. Lakini Cole aliamka sikio linamuuma, Garth yuko mgodini, na mtoto akiumwa sikio hataki kulazwa, anataka kubebwa na mtu anayetembea. Nilitembea. Nadhani nilitembea mpaka mji wa Regina na kurudi, ndani ya sebule yangu. Kulipopambazuka sikio lilikuwa limepoa, yeye anadai chapati za maji na asali, mimi sisikii miguu yangu.

Klabuni Deb aliwapokea mapacha, akapanda nao juu kwenye viti vya nyuma ya kioo. Maren alikwenda kubadilisha viatu. Mimi nikapita jikoni.

Jikoni kwetu anatawala Bi Verna. Vikombe vya wanachama wa siku nyingi vinaning'inia ukutani, kila kimoja kwenye kulabu yake na jina, na changu ndicho kikubwa kuliko vyote, kinabeba vikombe viwili vya kawaida. Bi Verna aliniangalia mara moja tu. Alikuwa hajui lolote kuhusu daftari la Maren. Alijua uso wa mama aliyekesha.

"Masikini, umekwisha, Charla," alisema, na mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kulabu. "Shika. Usinishukuru."

Ningeweza kusema hapana. Kinywa kilikuwepo, neno lilikuwepo. Nilikipokea kikombe changu, nikaenda nyuma ya makoti yanapotundikwa, katikati ya koti la mtu linalonuka mafuta ya trekta na lingine linalonuka mbwa, na nikakinywa chote nimesimama kama mwizi wa sukari. Kilikuwa kitamu, sidanganyi. Nikafuta midomo kwa mkono, nikarudisha kikombe, nikaenda barafuni. Nilijiambia ni dawa, si kahawa. Nilijiambia Maren anahitaji mama aliye macho.

Raundi ya kwanza nilikuwa nimesimama kwenye duara, Maren amepiga goti kule mbali, na ncha ya ufagio ikaanza kuandika barua zake za zamani. Alirusha, jiwe likapita pembeni. Akarusha la mwisho, nalo likapita.

"Uko sawa, Mama?" aliniuliza tulipopishana.

"Baridi tu."

Baridi! Mimi ninayechomoa waya wa basi kwenye nyuzi arobaini chini ya sifuri bila glavu. Maren alitikisa kichwa kukubali, akaenda zake. Baada ya raundi mbili tulikuwa nyuma kwa tatu bila. Huko juu nilimwona Deb amesogeza uso karibu na kioo.

Hasira zikanipanda, na safari hii nilikuwa najikasirikia mwenyewe. Niliukandamiza ufagio kwenye ubavu wa kiatu changu, nikaubana na goti, na kila Maren alipopiga goti mimi nilizuia pumzi mpaka alipoachia jiwe. Mapafu yaliniwaka moto. Lakini ufagio ulitulia. Raundi ya tatu tulipata moja, ya nne mbili. Mzee Orville, mwenye miaka sabini na moja na ambaye hajawahi kumhurumia mtu kwenye barafu, hata mkewe, alipigana. Tulipoingia raundi ya nane, ya mwisho, tulikuwa tano kwa tano.

Likabaki jiwe moja, la Maren. Jiwe la Mzee Orville lilikuwa limekaa karibu kabisa na kitovu cha duara, na mwenye jiwe la karibu zaidi ndiye anayepata pointi. Maren alihitaji kulipita kwa upana wa kiganja, jiwe lake lisimame ndani zaidi. Nilisimika ufagio. Nilizuia pumzi. Aliniangalia, akaliachia jiwe, na papo hapo akainuka akalikimbilia, akawa analifagilia mwenyewe kwa ufagio wake, mabega yanapanda na kushuka. Mimi kazi yangu ilikuwa kutazama mstari wa jiwe, na mstari ulikuwa sawasawa. Jiwe likaja polepole, likainama kidogo, likateleza pembeni mwa lile la Mzee Orville, likasimama juu ya kitovu.

Ukumbi ulilipuka. Watu waligonga kioo huko juu. Nilirusha ufagio, nikafungua mikono nimkumbatie.

Maren alikuwa amesimama hatua kadhaa nyuma, mkono wake mmoja uko juu.

"Nililigusa," alisema.

Kelele zilichukua muda kuisha, maana wa juu hawakumsikia. Mzee Orville alisogea karibu naye. "Wapi, binti?"

"Kabla halijafika kwenye duara. Kwa pembe ya ufagio."

"Mimi sikuona kitu."

"Hata mimi sijaona," Paisley alisema, na yeye ndiye angepata kombe.

"Lakini mimi nilisikia mkononi," Maren alijibu. Akaja kwenye duara, akaliwekea mguu lile jiwe zuri, akalisukuma nje mwenyewe. Kidevu kilikuwa kinamtetemeka, ila mguu haukutetemeka. Sita kwa tano. Tumeshindwa.

Nina fahari nyingi, na nyingine za kijinga. Mmeshasikia ile ya juu ya friji. Lakini fahari niliyoisikia pale ilizipita zote. Yule ni mtoto wangu, nimemzaa mimi. Nilitaka kupanda juu ya jiwe niwatangazie. Halafu nikakumbuka makoti.

Desturi yetu ni kwamba mechi ikiisha, timu zote mbili hukaa meza moja, na walioshinda ndio huwaletea kinywaji walioshindwa. Tulikaa. Deb alikuja na mapacha, akamweka Cole mapajani mwangu. Mzee Orville alirudi na sinia: maji ya machungwa kwa wasichana, na mbele yangu akaweka kikombe changu kikubwa cha kwenye kulabu, kimejaa mpaka mdomoni, kinafuka.

"Chako nakijua, Charla," alisema. "Huna haja ya kuagiza."

Maren alikuwa anakunywa kwa mrija, macho mekundu kidogo. Hakukitazama kikombe. Wala mimi hakunitazama.

Nikainua mkono. Nilikuwa na Cole mkono mmoja, kwa hiyo niliinua ule mwingine, juu kabisa, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Mechi imeisha, Charla," Mzee Orville alisema.

"Si jiwe. Ni kahawa." Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga, Bi Verna alitokeza kichwa jikoni. "Maren, nilikunywa kikombe asubuhi. Hiki hiki, kizima, kabla ya mechi. Nilikunywa nyuma ya makoti ili usinione. Na haikuwa baridi."

Nilimtazama Deb, nikijua atakuwa na neno. Alikuwa anamfunga Emmett kamba ya kiatu, na alikuwa ameifunga tayari.

Maren aliacha mrija. "Najua," alisema.

"Unajua? Tangu lini?"

"Raundi ya kwanza, jiwe la kwanza. Ufagio ulikuwa unacheza."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Alinishangaa kweli, kama nimemuuliza kwa nini theluji ni nyeupe. "Hatumsemi mtu, Mama. Tunamngoja." Akavuta tena maji yake ya machungwa. "Umechelewa kweli. Mimi nilidhani utainua raundi ya tatu."

Halafu Mzee Orville akacheka, na meza nzima ikamfuata, na mimi nikacheka machozi yakinitoka, Cole akinipiga mashavu nisilie. Mtoto wangu alikuwa amecheza fainali nzima huku akijua, amenipishia njia raundi baada ya raundi, na mwishoni akainua mkono wake bila kujua kama mimi nitainua wangu.

"Halafu baadaye ulitulia," aliongeza, kwa haki. "Sijui ulifanyaje. Lile jiwe la mwisho niliuona ufagio vizuri kabisa."

"Nilizuia pumzi."

"Ndiyo maana ulikuwa wa bluu."

Mzee Orville alikivuta kikombe changu kwa kidole kimoja, akaanza kukinywa mwenyewe. Bi Verna aliniletea maji moto bila kuambiwa. Hayakuwa na limau, na nilimshukuru Mungu kwa hilo.

Deb ndiye aliyeuliza, maana lazima angeuliza mtu. "Haya, Maren. Mwaka ujao unacheza na nani?"

Nilikaa wima. Nilikuwa tayari kwa jibu lolote, au nilijidanganya hivyo.

"Na Mama," Maren alisema.

"Kwa kalamu au kwa penseli?" nilimuuliza.

Alifikiri. Hakuwa na haraka ya kunifurahisha, na hapo nikaona kabisa ameurithi kwa nani huo ugumu.

"Penseli," alisema. "Mpaka Oktoba. Na kesho ni kimoja."

"Kimoja," nilisema, na sijawahi kujivunia jina langu kuandikwa popote kama nilivyoijivunia penseli ile.